Kutafuta Chanzo cha Muungurumo katika Amplifaya ya Besi Nyumbani

Amplifaya ya gitaa la besi haiungurumi bila sababu, na mara nyingi sababu hiyo haimo ndani ya amplifaya. Mpiga besi wa Mtwara au Lindi anayeanza kutafuta kosa kwa kufungua kasha huishia kubadilisha vipuri vizima, huku kasoro halisi ikiwa imetulia kwenye waya wa jeki unaounganisha besi na amplifaya, kwenye rigileta ya feni iliyo ukutani au kwenye soketi isiyo na ethi, yaani waya wa usalama unaoelekea ardhini. Kwa hiyo utaratibu unaoelezwa hapa huanza na masikio, hufuatiwa na kutenganisha vifaa kimoja baada ya kingine, na bisibisi huja mwisho kabisa, tena si kwa kila mtu.

Kelele ina noti yake

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230 na hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa kila sekunde. Kelele inayotokana na umeme huo huja kwa namna tatu, na anayepiga besi ana bahati ya kushika mikononi mwake kipimo cha kuzitofautisha. Ya kwanza ni muungurumo mzito wa hezi 50. Noti ya G inayopatikana kwenye freti ya tatu ya uzi wa E ina hezi 49, kwa hiyo muungurumo huo uko juu kidogo tu ya noti hiyo. Ukiipiga polepole na kuiacha ilie wakati amplifaya inaunguruma, utasikia sauti mbili zikivutana na kutoa wimbi linalopanda na kushuka takriban mara moja kwa sekunde. Ya pili ni muungurumo wa hezi 100, ambao uko juu kidogo ya uzi wa G ukipigwa wazi, kwa kuwa uzi huo una hezi 98, na hapo wimbi hupanda na kushuka takriban mara mbili kwa sekunde. Asiyeliamini sikio lake anaweza kuwasha programu ya kutiunia iliyomo kwenye simu na kuisogeza karibu na spika: ikionyesha G iliyopanda kwa senti 35 hivi, yaani sehemu 35 kati ya 100 za kuelekea noti inayofuata, jibu limepatikana. Ya tatu haina noti moja iliyo wazi. Ni mlio mkali wa kukwaruza, uliojaa sauti za juu, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe.

Tofauti hizi zinaelekeza mahali pa kutafuta. Muungurumo wa hezi 50 kwa kawaida huingia kutoka nje ya saketi: transfoma iliyo karibu na pikapu (koili ya besi inayonasa mtikisiko wa nyuzi), waya wa jeki uliokatika kinga yake (wavu wa chuma unaouzunguka waya wa sauti), au vifaa viwili vilivyounganishwa kwa ethi mbili. Muungurumo wa hezi 100 hutoka zaidi kwenye sehemu ya amplifaya inayogeuza umeme wa ukutani kuwa umeme wa DC, yaani usiogeuka mwelekeo, kwa sababu dayodi za sehemu hiyo hutumia nusu zote mbili za kila mzunguko, na hivyo mapigo 50 huwa 100. Mlio wa kukwaruza hutokana na kifaa kinachokata umeme kwa ghafla mara nyingi kwa sekunde, nacho hupatikana zaidi kwenye taa, chaja na rigileta kuliko kwenye amplifaya.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia kabla ya kuliamini jaribio hilo. Amplifaya ndogo ya mazoezi yenye spika ya inchi 8 haitoi vizuri sauti ya hezi 50, na unachosikia kinaweza kuwa sauti zake za juu tu. Katika hali hiyo weka kiganja mbele ya spika na uhisi kama inatikisika. Tena, ukiwa unatumia jenereta ya petroli, noti hufuata kasi ya injini. Jenereta nyingi ndogo zinapaswa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika ili kutoa hezi 50, na injini inayokimbia kupita hapo huupandisha muungurumo, hata ukafika kwenye G kali, noti inayofuata juu ya G.

Ethi haikatwi

Kuna ushauri unaozunguka miongoni mwa wapiga vyombo kwamba ukikata pini ya ethi kwenye plagi, muungurumo unakwisha. Ni kweli kwamba wakati mwingine unakwisha, na ndiyo maana ushauri huo haufi. Lakini ethi ya amplifaya hupita kwenye bodi ya chuma, ikafuata kinga ya waya wa jeki, ikafika kwenye daraja la besi (kipande cha chuma kinachoshikilia nyuzi) na kuishia kwenye nyuzi unazozishika. Ikiwa ethi imekatwa na waya wa moto ukagusa bodi hiyo kwa hitilafu yoyote, fyuzi haina sababu ya kukatika, na volti 230 zitasubiri kwenye nyuzi mpaka mpigaji aguse maikrofoni ya mfumo mwingine au akanyage sakafu yenye maji. Muungurumo wowote unaoondoka kwa kukatwa ethi una njia nyingine salama ya kuondolewa, nayo imeelezwa chini.

Hatari hiyo hiyo huingia pia bila mtu kukusudia. Amplifaya nyingi zinazouzwa huku ni za mtumba. Zile zilizotoka Ulaya bara huja na plagi ya pini mbili za duara, ambayo ethi yake iko kwenye vibati vya pembeni. Mtu akiifungua soketi yetu ya matundu matatu kwa ncha ya kalamu na kuisukuma plagi hiyo ndani, umeme unapita lakini vibati vya ethi havigusi chochote. Zile zilizotoka Japani zimetengenezwa kwa volti 100 na huhitaji transfoma ya kushusha umeme, na transfoma nyingi za aina hiyo zinazouzwa madukani zina tundu la pini mbili tu, bila ethi. Katika hali zote mbili amplifaya itaunguruma, na muungurumo utapungua unaposhika nyuzi, na mwenye nayo ataamini kwamba ndivyo ilivyoumbwa.

Dawa ni kumpa fundi umeme abadilishe plagi iwe ya pini tatu za bapa, waya wa kijani na njano ukienda kwenye pini kubwa ya juu, na fyuzi ya ndani ya plagi iwe ya ampea 3 kwa amplifaya ya nyumbani inayotumia chini ya wati 700, badala ya ile ya ampea 13 inayokuja na plagi dukani. Kwa amplifaya ya volti 100, tafuta transfoma yenye tundu la ethi, na kama kifaa chenyewe kilikuja na waya wa nyuzi mbili tu, mwulize fundi wa vifaa vya muziki kama kinaweza kuwekewa waya wa nyuzi tatu.

Volyumu hadi sifuri

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa chochote. Washa amplifaya ikiwa haina jeki yoyote, shusha nobu zote za volyumu na gein (kiwango cha kukuza sauti inayoingia) hadi sifuri, kisha sikiliza ukiwa hatua mbili kutoka kwenye spika. Muungurumo hafifu unaosikika tu ukiinamisha sikio karibu ni wa kawaida, na haifai kutumia hata shilingi moja kuufukuza. Ukiwa mkubwa, nao haubadiliki unapozungusha nobu yoyote, kosa limo katika hatua zinazofuata baada ya volyumu au katika sehemu ya kugeuza umeme, na unaweza kuruka moja kwa moja hadi maelezo ya ndani ya kasha yaliyo mwishoni.

Ikiwa kuna ukimya kwenye sifuri, pandisha volyumu polepole, bado bila jeki. Amplifaya nyingi zina kiswichi kidogo ndani ya tundu la kuingizia jeki, ambacho huunganisha njia ya sauti na ethi wakati tundu liko tupu, ndiyo maana amplifaya isiyo na jeki hutulia. Kelele ikipanda pamoja na volyumu hata tundu likiwa tupu, kiswichi hicho kinaweza kuwa na kutu. Ili kuhakikisha, chukua kichwa cha jeki kisicho na waya, unganisha ncha yake na shina lake kwa kipande kifupi cha waya, kisha kiingize: kelele ikikoma, tundu ndilo lenye kosa, na ikiendelea, kosa limo katika hatua ya kwanza ya kukuza sauti.

Hatua inayofuata ni kuchomeka besi huku volyumu ya besi yenyewe ikiwa sifuri. Katika besi isiyotumia betri, volyumu ikiwa sifuri njia ya sauti huwa imeunganishwa na ethi ndani ya besi, kwa hiyo kelele yoyote inayosikika sasa inatoka kwenye waya wa jeki au kwenye matundu yake mawili, wala si kwenye pikapu. Ikiwa kuna ukimya na kelele inaanza unapopandisha volyumu ya besi, basi inaingilia kwenye pikapu na nyaya za ndani ya besi. Usijaribu hatua hii kwa kuuacha waya wa jeki ukining'inia bila besi. Waya ulio wazi upande mmoja ni antena, utapiga kelele hata ukiwa mpya kutoka kwenye pakiti, na haukwambii lolote.

Waya wa jeki na hewa ya bahari

Anayeishi Shangani, Mikindani au kando ya ghuba ya Lindi anajua kinachowapata misumari na vitasa vya milango. Hewa yenye chumvi hufanya kazi hiyo hiyo ndani ya vichwa vya jeki, ambako wavu wa kinga wa shaba hugeuka kijani, ukapoteza uzi mmoja mmoja, hadi siku unapobaki kushikiliwa na nyuzi mbili au tatu. Waya wa ndani, unaobeba sauti, unaweza kuwa mzima kabisa. Matokeo yake ni besi inayosikika vizuri lakini ikiwa na muungurumo mkubwa chini yake, hali inayowafanya wengi wailaumu amplifaya kwa sababu sauti ya besi inapita kama kawaida.

Tikisa waya karibu na kila kichwa huku ukisikiliza. Kisha zima amplifaya, chomoa waya na uupime kwa multimita iliyowekwa kwenye alama ya mlio: ncha kwa ncha ilie, shina kwa shina lilie, na ncha kwa shina isilie kabisa. Pima huku ukiukunja waya, kwa kuwa mkatiko mwingi wa kinga hujificha hadi waya upinde. Kichwa kinachofunguka kwa kuzungushwa kinaweza kukatwa sentimita chache na kulehemiwa upya kwa solda. Kilichofinyangwa kwa plastiki hakifunguki, na hicho hukatwa na kuwekwa kingine. Matundu ya jeki husafishwa kwa spiriti ya isopropili au dawa ya kupulizia ya kusafisha viungo vya umeme. Mafuta ya cherehani hayafai, kwa kuwa huacha utando unaokusanya vumbi.

Hakikisha pia kwamba waya unaoutumia ni wa ala na si wa spika. Kwa nje hufanana, vichwa ni vile vile, lakini waya wa spika una nyuzi mbili zinazolingana bila wavu wa kinga, na ukiutumia kati ya besi na amplifaya utapokea kila kelele iliyomo chumbani. Kinyume chake ni kosa pia: waya mwembamba wa ala hautakiwi kati ya amplifaya na kabati la spika, kwa kuwa unaweza kupata moto.

Besi yenyewe

Pikapu ya koili moja hupokea muungurumo kwa maumbile yake, kwa sababu koili haichagui kati ya mtikisiko wa uzi na sumaku ya transfoma iliyo karibu. Watengenezaji walilijua hilo mapema: besi ya Fender Precision iliyotoka mwaka 1951 ilikuwa na koili moja, na mwaka 1957 ikapewa koili iliyogawanywa vipande viwili ambavyo kelele zake hufutana. Besi ya aina ya Jazz, ambayo Fender iliitoa mwaka 1960, ina pikapu mbili za koili moja. Katika nyingi za aina hiyo zinazotengenezwa sasa, pikapu ya pili imezungushwa kinyume cha ya kwanza, kwa hiyo muungurumo hufutika volyumu zote mbili zikiwa sawa, lakini hurudi unapopunguza mojawapo. Ikiwa hivyo ndivyo besi yako inavyofanya, hakuna kilichoharibika. Mwenye kuchukizwa na hali hiyo atafute pikapu za kubadilisha zinazofuta kelele, aiache amplifaya ilivyo.

Ili kujua kama kelele inaingia kwa njia ya sumaku, kaa kwenye kiti na ugeuke polepole mzunguko mzima huku volyumu ya besi ikiwa juu. Muungurumo unaobadilika, ukawa mkubwa upande mmoja na kukaribia kutoweka upande mwingine, unaokotwa na koili kutoka kwenye kitu fulani chumbani, na mara nyingi kitu hicho ni transfoma ya amplifaya yenyewe. Kusogea mita mbili kutoka kwenye amplifaya huleta nafuu kubwa kuliko kipuri chochote, ingawa najua kwamba katika chumba kimoja chenye kitanda, kabati na amplifaya, mita mbili ni anasa.

Jaribio la kugusa ni jingine, nalo hueleweka vibaya. Kelele ya kukwaruza ikipungua unaposhika nyuzi, waya wa ethi unaokwenda kwenye daraja la besi ni mzima. Kelele inakuja hewani, mwili wako unaipokea, na unapogusa nyuzi inashuka kwenye ethi. Ikiwa kugusa nyuzi hakubadilishi chochote lakini kugusa chuma cha kichwa cha jeki kunaipunguza, waya wa daraja umekatika au umeachia chini ya daraja. Fungua skrubu za daraja, uuone, uurudishe. Katika baadhi ya besi zenye pikapu za betri waya huo haupo kwa makusudi, basi usiutafute.

Kuziba mashimo ya ndani ya besi kwa foili husaidia dhidi ya kelele ya kukwaruza, iwapo foili yote imeungana na imeunganishwa na ethi. Foili ya shaba yenye gundi inayopitisha umeme ndiyo bora. Foili ya aluminiamu ya jikoni hufanya kazi pia, lakini haishiki solda, na gundi ya kawaida huzuia umeme kupita kati ya kipande na kipande, kwa hiyo kila kiungo lazima kibanwe kwa skrubu au kukunjwa chuma kwa chuma. Jua tu mpaka wake: foili haizuii muungurumo wa sumaku wa hezi 50. Nimeona watu wakifunika besi nzima kwa ndani na kushangaa kwamba transfoma bado inasikika.

Feni, taa na chaja

Kwa upande wa mlio wa kukwaruza, shaka yangu ya kwanza katika nyumba za pwani huwa ni rigileta ya feni. Rigileta za zamani, zile nzito zenye hatua tano na koili ndani, hazina makosa mengi ya namna hii. Zile nyepesi zenye nobu ya kuzungusha bila hatua hupunguza kasi kwa kukata kipande cha kila nusu ya mzunguko wa umeme, yaani mara 100 kwa sekunde, na kila mkato hurusha kelele kwenye nyaya za nyumba nzima. Mlio huwa mkali zaidi feni ikiwa kwenye kasi ya kati, na hupungua sana ikiwa kwenye kasi ya mwisho, kwa kuwa hapo rigileta haikati sana. Katika joto la Desemba hakuna atakayekubali kuzima feni ili upige besi, kwa hiyo iweke kwenye kasi ya mwisho au ibadilishe rigileta iwe ya hatua.

Taa za LED za bei ya chini, swichi za kufifisha mwanga, chaja za simu, chaja za kompyuta mpakato na king'amuzi cha televisheni hufuata. Njia ya kuvikamata ni moja: besi ikiwa imechomekwa na volyumu juu, mtu mmoja asikilize na mwingine azime kifaa kimoja kimoja, akikichomoa kabisa kwenye soketi, kwa maana chaja isiyo na simu bado inafanya kazi. Kila kinachoipunguza kelele kiandikwe, hata kama hakiimalizi, kwa sababu mara nyingi wahusika ni wawili au watatu. Friji hutambulika yenyewe, kwa kuwa kelele yake huja na kuondoka pamoja na injini yake. Simu inayotumia mtandao wa GSM ikiwekwa juu ya amplifaya hutoa mlio wa vipande vipande kabla haijaita. Mapigo yake ni takriban 217 kwa sekunde, na tiba ni kuiweka mbali.

Katika nyumba zinazotumia umeme wa jua, hasa vijijini, inveta ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini kama la gridi. Hutoa wimbi la ngazi lenye kona kali, na kona hizo husikika kwenye amplifaya kama kukwaruza kusikokoma. Hakuna marekebisho ya besi yatakayoondoa hali hiyo. Inahitajika inveta yenye wimbi safi.

Vifaa viwili, ethi mbili

Kuna muungurumo unaoanza siku ile unapounganisha amplifaya na kitu kingine: kompyuta ya kupigia wimbo wa mazoezi, mikisa ya kwaya, televisheni. Kila kifaa kikiwa peke yake kimya, na vyote viwili vikiungana vinaunguruma, basi kuna mzunguko wa ethi. Ethi ya kifaa cha kwanza inapitia soketi moja, ya kifaa cha pili inapitia soketi nyingine, na kinga ya waya wa sauti inaziunganisha na kufanya duara. Mkondo mdogo huzunguka katika duara hilo kwa hezi 50, na amplifaya huuchukulia kuwa ni muziki.

Thibitisha kwa kuchomoa chaja ya kompyuta na kuiacha itumie betri: muungurumo ukikatika hapo hapo, umeshalijua jibu. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja iliyo kwenye soketi moja, ili duara liwe fupi kadiri inavyowezekana. Katika nyumba nyingi hilo pekee linatosha. Lisipotosha, weka transfoma ndogo ya kutenganisha sauti kati ya vifaa viwili, au kisanduku cha dii-ai (DI, cha kuunganishia ala na mikisa) chenye swichi ya kuachanisha ethi ya waya wa sauti. Swichi hiyo huachanisha kinga ya waya wa sauti tu, na ethi ya umeme hubaki mahali pake kwenye vifaa vyote viwili. Hii ndiyo njia salama iliyoahidiwa juu kwa wale waliotaka kukata pini.

Ethi ya nyumba kwenye mchanga

Wakati mwingine kila kitu ni kizima na nyumba ndiyo yenye kosa. Soketi inaweza kuwa na tundu la ethi lisilo na waya nyuma yake, au waya upo lakini fimbo ya ethi iliyozikwa nje imeliwa na kutu pale inapobanwa na kibanio. Udongo wa kichanga wa pwani ya kusini hupitisha umeme vibaya unapokauka, kwa hiyo fimbo fupi iliyofanya kazi wakati wa mvua inaweza kudhoofika kufikia Septemba au Oktoba, na muungurumo ukaonekana kuwa na msimu.

Mwenye ujuzi wa kutumia multimita kwenye soketi anaweza kupima mambo matatu: kati ya waya wa moto na nyutro zionekane volti 230 hivi, kati ya waya wa moto na ethi karibu hizo hizo, na kati ya nyutro na ethi volti chache tu au chini yake. Kipimo cha pili kikionyesha namba inayoyumba au iliyo chini sana, ethi haipo au ni dhaifu. Vipimo hivyo havitoshi kusema kwamba ethi ni nzuri, kwa maana hata ethi mbovu inaweza kuipandisha multimita. Upimaji wa fimbo yenyewe una chombo chake, na kazi hiyo ni ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Ukihisi mtetemo wa umeme kwenye vidole unapogusa nyuzi au bodi ya amplifaya, usiendelee na jaribio lolote. Zima, chomoa, mwite fundi.

Ndani ya kasha

Umefika hapa kwa sababu muungurumo unabaki volyumu ikiwa sifuri na jeki ikiwa imetoka. Kwanza ondoa shaka mbili ambazo si za umeme wa ndani. Muungurumo unaotoka kwenye kasha na si kwenye spika ni mtikisiko wa transfoma, na mara nyingi hupungua skrubu zake zikikazwa. Na mlio unaosikika tu unapopiga noti fulani, hasa za chini, kisha ukanyamaza pamoja na noti, ni wavu wa spika, skrubu au mpini uliolegea.

Kikibaki muungurumo wa hezi 100, washukiwa wakuu ni kapasita kubwa za kuchujia umeme. Ndani yake mna majimaji ambayo hukauka kwa miaka na kwa joto, na zikikauka haziwezi tena kujaza mabonde kati ya mapigo yanayotoka kwenye dayodi. Zilizovimba juu au kuvuja chini zinajitambulisha, ingawa nyingine hufa zikiwa na sura nzuri. Muungurumo wa hezi 50 usiosikia volyumu unaweza kumaanisha dayodi moja iliyokatika, kwa kuwa hapo nusu moja ya mzunguko haitumiki tena.

Kazi hii ifanywe na fundi wa redio anayefahamu amplifaya, na sababu ni kwamba kapasita huhifadhi umeme hata baada ya plagi kutolewa. Katika amplifaya za valvu (mirija ya kioo) huhifadhi volti 400 na zaidi, kiasi kinachoua. Wewe hakikisha tu kwamba vipuri vilivyowekwa vinafaa. Kapasita mpya iwe na mikrofaradi sawa na ya zamani au zaidi kidogo, volti zisiwe pungufu, na kwa joto la huku iwe ya nyuzi 105 za Selsiasi badala ya 85. Zikiwa mbili zinazofanya kazi pamoja, zibadilishwe zote.

Unapompelekea fundi, mwandikie kwenye karatasi: kelele iko juu ya G ipi, inabadilika au haibadiliki kwa volyumu, inakuwaje jeki ikitoka, ilianza lini na iwapo inazidi amplifaya ikipata moto. Mpelekee na waya wako wa jeki pia, na ile plagi uliyokuwa ukiitumia nyumbani, kabla hajaweka kipande kingine cha waya kwenye meza yake na kukuambia kwamba amplifaya yako ni nzima.